Kibodi ya Baba

Jumatatu, 4 Machi
Bado sina kazi, na bado hakuna anayejua. Asubuhi nimetoka na mkoba wangu, nimemuaga dada kwa adabu zote, nimezunguka mtaa mpaka yeye na mumewe walipoondoka, kisha nikarudi kwa mlango wa jikoni. Dada ndiye anayeilisha nyumba hii kwa cherehani yake, na alishaapa kwamba nikifukuzwa tena kazi nitafute pa kulala. Kwa hiyo sijafukuzwa. Niko stoo nahesabu magunia.

Tatizo ni Baba. Tangu apooze hasemi, na mwili wake wote umebaki kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kwa kidole hicho huchapa kwenye kompyuta iliyo mbele ya kiti chake cha magurudumu, herufi moja moja. Leo mchana kutwa ameniona nimejilaza kwenye kochi. Jioni, dada alipoingia tu, kidole kikaanza. MWANANGU A. Sikusubiri zaidi. Nikajifanya nimejikwaa, nikang'oa waya wa kibodi. Kompyuta ikaandika kwamba haioni kibodi. Nilisikitika kuliko wote.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, mume wa dada, anauza simu dukani, basi anajiona daktari wa kila kitu chenye waya. Ameuona ule waya, ameuchomeka, amenitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Pona yangu, umeme ulikatika pale pale. Akawasha mshumaa. Nikautazama ukichuruzika. Mwenye macho haambiwi tazama. Walipokwenda kula jikoni, nilidondosha nta katika matundu yote nyuma ya kompyuta. Kazi safi.

Baadaye nimemwogesha Baba. Kazi hiyo ni yangu, dada ni mwanamke, haifai. Nimempangusa uso na shingo. Blanketi sikuligusa. Mtu asiyetembea atachafukia wapi?

Jumatano, 6 Machi
Baba ameshinda akinyoosha kidole chini. Chini kulikuwa na viatu vyangu. Nimemwelewa: nivae, nikatafute kazi. Nimemwambia kesho. Akaendelea. Nikavipeleka viatu nyuma ya mlango. Bado akaonyesha pale pale. Mzee akishika jambo lake haachi.

Jioni shemeji amezima kompyuta, amewasha. Hakuna. Amebadilisha tundu. Hakuna. Ameleta kibodi mpya kutoka dukani, nayo kompyuta haikuiona. Jasho lilimtoka. Nikamuuliza kwa upole kama na simu za watu huzitengeneza hivyo hivyo. Dada alinikata jicho, lakini nililala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Dada amemshikisha Baba kalamu. Zikatoka alama kama kuku amepekua. Nikajitolea kuzisoma, maana mimi ndiye mwanawe wa kiume, tunajuana. Nikasoma kwamba Baba yu mzima, anashukuru kwa kila kitu, na kwamba chumba cha mbele chenye feni nihamie mimi. Baba alitokwa na machozi. Nikawaeleza kuwa ni ya furaha.

Shemeji amesema hajawahi kuona karatasi ndogo ikisema mengi hivyo. Wivu.

Dada angalau amefarijika kwamba kikombe cha uji anachomwachia Baba mchana, na mrija karibu na mdomo, hukikuta kitupu. Sikuona sababu ya kumharibia faraja yake.

Ijumaa, 8 Machi
Harufu sebuleni. Shemeji anasema kuna panya amekufa mahali. Nimepewa kazi ya kumtafuta, mimi ninayetoka kazini nimechoka! Nimesogeza kabati, nimechungulia chini ya kochi. Hayupo. Nimefungua madirisha. Baba akaanza kutetemeka, nikamwongezea blanketi la pili. Hakuna aliyenishukuru.

Dada amemgusa paji la uso, akasema linachoma. Akasema kesho asubuhi anamleta fundi wa kompyuta kabla ya daktari, kwa sababu daktari atauliza anaumwa wapi, na hakuna wa kumjibu. Nikamwambia mimi nipo. Akasema wewe nyamaza.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi amekuja. Mtu mnene, tochi ameiuma kwa meno. Ameigeuza kompyuta, amechokoa tundu kwa sindano ya dada, imetoka nta. Akasema mashine ni nzima kabisa, ila haiwezi kuona kibodi kupitia mshumaa. Nikawahi kuuliza ni nani huwasha mishumaa ndani ya nyumba hii. Wote wakamgeukia shemeji. Sijapata kuona kitu kitamu kama hicho mwaka huu.

Kisha fundi akachomeka kibodi, na kompyuta ikaiona. Baba alichapa bila kupumzika.

MWANANGU ANIVUE SOKSI. MGUU.

Dada akaondoa blanketi la juu, akaondoa na la chini. Skrubu ya kiti ilikuwa imemwingia kifundoni, sijui tangu lini. Soksi haikuvulika. Ilikuwa imeshikana na nyama. Fundi alitoka nje akainamia ukuta. Shemeji alimbeba Baba mikononi hadi kwenye gari la jirani, nami nikafungua mlango. Kabla ya kuondoka dada aliniuliza lini nilimwogesha miguu mara ya mwisho. Nikasema jana. Nimeogopa sana leo. Nimeketi jikoni mpaka waliporudi, na hata chakula sikugusa.

Jumatatu, 25 Machi
Baba amerudi nyumbani. Mguu wameukata juu ya goti. Kumwogesha sasa ni kazi ya shemeji, na dada amelitangaza hilo mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali. Limeniuma. Mambo ya familia huzungumzwa ndani.

Majirani walipoondoka, dada aliketi karibu na Baba, akamshika mkono. Akamuuliza ile wiki aliyokuwa akiumia, mchana, hakuna aliyepita hata akamwona? Nani alikuwepo? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Waya wa kibodi ulikuwa upande wa shemeji, sikuweza kuufikia. Kidole kikasogea polepole.

NILIKUWA PEKE YANGU.

Dada aliweka kichwa chake kwenye bega la Baba akalia. Na mimi chozi lilinitoka, kwa kweli. Siku zote zile namwogopa, kumbe ananifichia siri! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimtazama nimshukuru kwa macho, lakini alikuwa anatazama dirishani, nikaona nisimsumbue, amechoka.

Kesho asubuhi natoka na mkoba wangu kama mfanyakazi mwingine yeyote, nazunguka mtaa, narudi kwa mlango wa jikoni. Baba hatasema. Tumeelewana.