Ukoko wa Mchele Mpya

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mchele mpya umefika Bariadi kutoka Shishiyu, shambani kwa mke wangu Mektilda. Madebe mawili tu. Mektilda ametangaza kwamba tutakula wali kila mchana hadi Jumapili, kisha tutarudi kwenye ugali. Watoto walishangilia. Mimi nilikohoa kwa utulivu, kama inavyompasa mwalimu mkuu mstaafu.

Siku saba! Lazima nifanikiwe.

Jambo lenyewe ni hili. Napenda ukoko. Si wali, bali ukoko: ule wa chini ya sufuria, wa rangi ya dhahabu, unaolia mdomoni. Marehemu mke wangu Veronica alinifichia kipande nyuma ya debe la unga kwa miaka thelathini na mmoja. Hatukuwahi kulizungumza. Sasa hakuna anayejua, nami siwezi kuomba. Ukoko ni wa watoto. Mzee mwenye mji haombi ukoko!

Mektilda alikuja na sheria yake: anayeosha sufuria ndiye mwenye ukoko. Wiki hii anaosha mjukuu wake Salu, mwenye miaka tisa. Leo nimemsikia akitafuna kutoka jikoni mpaka barazani. Kra! Kra! Nilishindwa kusoma gazeti.

Jioni nilihesabu viatu mlangoni. Jozi kumi na tatu, na kandambili moja isiyo na mwenzake. Mwaka jana mimi mgane nilimwoa Mektilda mjane. Yeye na watu wake ni wanane, pamoja na mama yake anayekaa nyumba ya uani. Kisha mwanangu Justine akahamia hapa na mkewe Nancy na watoto watatu. Kumi na wanne! Kwa miaka sita mlango huu ulikuwa na jozi moja, yangu. Nilisimama pale mpaka Nancy akauliza kama nimepoteza kitu.

Jumanne, 13 Mei

Mpango wa kwanza: afya.

Kabla ya chakula nilisimama na kueleza kwamba vyakula vilivyoungua huchosha tumbo la mtoto. Kuanzia leo ukoko wote uletwe kwangu, nami nitauondoa. Salu akauliza nitauondoa kuuweka wapi. Nikasema mahali panapofaa. Nancy, ambaye ni muuguzi, akasema jambo hilo hajawahi kulisikia, ila Baba amesoma sana.

Mektilda alinisikiliza kwa makini. Baada ya chakula akachukua ukoko wote, mzima kama sahani, akawatupia kuku.

Nilishuhudia. Jogoo alikula pembeni, polepole, akinitazama.

Lakini nisisahau la asubuhi. Watoto saba walipiga mswaki kwa mstari kando ya ukuta, kikombe kimoja kikipita mkono kwa mkono, na wa mwisho akakuta maji bado yapo. Hakuna aliyewaelekeza. Nimeongoza shule miaka ishirini na sita na sikuwahi kupata mstari kama ule.

Jumatano, 14 Mei

Nimefuta tangazo. Nilisema nimesoma zaidi. Watoto wakanipigia makofi.

Mpango wa pili: Salu. Nilimwita faragha nikamwambia kwamba msichana mwenye akili kama zake hastahili masizi, na kwamba leo apumzike. Akaniuliza nani ataosha. Nikasema atapatikana mtu. Akanipeleka hadi kwenye mlango wa jikoni na kunionyesha ratiba.

Ratiba niliiandika mimi. Niliipigia mistari kwa rula. Chini nimeandika: Hakuna kubadilishana zamu.

“Babu, zamu ni zamu,” alisema, kwa sauti yangu kabisa.

Nikatumia mamlaka. Nilifuta jina lake, nikaandika la Joakim, mtoto wa Justine, damu yangu mwenyewe. Nikamnong’oneza kwamba babu yake angependa kuukagua ukoko kabla haujaliwa. Akaitikia kwa adabu. Alipofika barazani sufuria ilikuwa inang’aa na mashavu yake yamejaa. Akafungua mdomo, nikague.

Damu yangu!

Alhamisi, 15 Mei

Mpango wa tatu: wingi. Ukoko ukizidi, hata mzee ataonjeshwa. Ukoko huletwa na moto. Basi, moto!

Tulikuwa na mgeni, katekista Laurean. Mektilda alipotoka kumpokea niliingia jikoni, nikaongeza kuni tatu na kurundika makaa juu ya mfuniko. Nikarudi kitini. Nikajipongeza.

Harufu ilitufikia katikati ya habari za kwaya.

Wali wote ulikuwa mweusi, isipokuwa kiasi cha ngumi moja katikati. Mektilda alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliapa kwamba aliacha moto mdogo. Nilitazama dari. Katekista alishukuru kwa chakula, akatazama sufuria, akaongeza: “Na hiki pia, Bwana.” Kicheko kilichofuata kilimwamsha jirani. Mektilda naye alicheka mpaka akakaa chini.

Walikula. Wote! Walikwangua, wakapuliza masizi, wakashindana nani ana meno meusi zaidi. Sikusikia lawama hata moja. Na ile ngumi moja nyeupe? Niliikuta kwenye sahani yangu. Salu ameileta mwenyewe, kwa mikono miwili, amepiga goti.

Sikuelewa. Nilikula kichwa kimeinama.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuna mpango. Nina aibu.

Hata hivyo nimerudisha jina la Salu kwenye ratiba. Haki itendeke.

Jumamosi, 17 Mei

Mambo makubwa. Niandike kwa utaratibu.

Tulikula mapema, saa tano, kisha wote wakaenda shambani kuchuma pamba. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Goti ni zima. Salu aliacha sufuria jikoni haijaoshwa, ameifunika na kuweka jiwe juu yake ili kuku wasiifunue.

Niliondoa jiwe. Mungu wangu. Ulikuwa mzima, duara, rangi ya ng’ombe mwekundu. Nikachukua kijiko.

Ndipo kivuli kikaziba mlango. Mama mkwe! Bibi Kwandu mwenyewe, na bakuli la maziwa ya mgando mkononi.

Anayejua ukwe anajua hali yangu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, wala hawali pamoja. Tangu Mektilda aje naye hapa, nikimwona mbele nachepukia nyuma ya choo. Na sasa nimo jikoni, mahali pa wanawake, mkono wangu uko ndani ya sufuria hadi kwenye kiwiko. Mlango ni mmoja.

Naye hakuondoka. Alijifunika kitenge kichwani, akanipa mgongo, akakaa kwenye kigoda palepale kizingitini. Kisha akaanza kuzungumza na kuku aliyekuwa akipita.

“Wewe kuku,” alisema, “muulize huyo aliyemo humo ndani anatafuta nini.”

Nilimwambia kuku kwamba nafanya ukaguzi.

“Kuku, mwambie mimi nilidhani hana meno.”

Nikamwambia kuku kwamba meno yangu ni ishirini na tisa, yote yangu.

Bibi Kwandu alicheka ndani ya kitenge. Akamweleza kuku habari yote. Siku ya arusi niliacha nyama pembeni ya sahani. (Ni kweli. Ilikuwa mbichi.) Mektilda aliona, akawaambia wote usiku uleule kwamba Mwalimu meno yake yamekwisha, asiaibishwe, na yeyote asile kitu kigumu karibu yake. Tangu hapo, kila wali unapoiva, kabla ya kumpakulia mtu yeyote, hata mama yake mzazi, Mektilda huchota ule laini wa juu na kuutenga. Ni wangu. Watoto saba husimama wakiutazama ukipita, na hakuna aliyewahi kuugusa.

Miezi tisa! Nimekuwa nikila cha kwanza cha sufuria kila siku ya wali, na kukilalamikia moyoni kwamba si cha mwisho.

Nilikaa chini juu ya kuni. Kuku wakati huo alikuwa ameshaondoka. Tuliendelea kuzungumza na mahali alipokuwa.

Bibi Kwandu alisema yeye ana meno manne, ndiyo maana ya maziwa. Huja kila Jumamosi, ukoko uwe wa wali au wa ugali. Mwenye zamu humwachia.

Niliuvunja ukoko katikati. Nikaweka nusu juu ya mfuniko na kuusukuma kwa mwiko hadi kizingitini. Mkono ulitoka kwenye kitenge, ukachukua. Tulikula, yeye amenipa mgongo, nami nimempa wangu. Kra, upande huu. Upande ule, maziwa. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umejaa vumbi la majivu, na kila chembe ilikuwa inang’aa.

Jumapili, 18 Mei

Wali wa mwisho. Nilisimama mbele ya wote. Nilikusudia kushukuru, kisha kukiri habari za meno.

Nilishukuru. Nilisema najua kuhusu wali wa juu, na kwamba sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Mektilda alijifuta macho kwa kanga. Salu alifurahi mpaka akamkumbatia Joakim, adui yake. Nyuso kumi na mbili, zote zikinitazama kwa furaha! Kutoka nyumba ya uani nilisikia kikohozi.

Ningewezaje kuendelea hadi kwenye meno? Nilikaa. Nikaongezewa wali laini.

Jumatatu, 19 Mei

Ugali. Kwao.

Mektilda, kwa jinsi shukrani zangu zilivyomgusa, ameamua kwamba hata ugali ni mgumu kwangu. Nimepikiwa uji, umechujwa mara mbili. Salu aliupuliza upoe. Nilishukuru tena.

Ugali nao una ukoko. Mkubwa. Nimeuona ukipita.

Nimebandika ratiba mpya, mistari kwa rula. Jumamosi: wote shambani kuchuma pamba. Watakaobaki nyumbani: Babu (goti), Bibi Kwandu (umri), na kuku mmoja, afungwe kamba karibu na mlango wa jikoni.