Feni Imegeukia Kwetu

Leo nimeaibika, tena mbele ya kiwanda kizima.

Mimi ni fundi mkuu wa kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi hapa Miyuji. (Mafundi tuko wawili.) Shida yetu ni vumbi. Mzee Mwaluko, anayesimamia mashine ya kukoboa, anakohoa mwaka wa tatu sasa. Daktari alimwambia atafute kazi nyingine. Ana miaka hamsini na tisa. Kazi gani nyingine?

Basi bosi wetu, Mama Masima, akakubali tuagize feni kubwa ya kunyonya vumbi. Vipimo nikachukua mimi. Fomu ya karakana inayotengeneza feni iliuliza: feni izunguke kulia au kushoto? Nikasimama, nikatazama mahali itakapofungwa, nikajaza "kulia". Nikamfuata Mzee Mwaluko. "Shikamoo, baba. Hicho kikohozi siku zake zinahesabika."

Feni imefika asubuhi. Tumeifunga kwenye msingi wake, mota pembeni, mikanda imekaza vizuri. Halafu nikaona. Mdomo wa kutolea upepo, uliotakiwa kuelekea bomba la kwenda nje, umeelekea ndani. Kwetu!

"Tuigeuze," nikasema. Tukaigeuza. Mota ikagonga ukuta. Tukairudisha. (Jasho mpaka kwenye soksi.)

Hapo ningekiri tu. Sikukiri.

"Tatizo dogo," nikamwambia Mama Masima. "Nabadilisha nyaya, izunguke kinyume, upepo utatokea upande wa pili."

Mzee Mwaluko akainama, akachungulia. "Mwanangu, mdomo si uko palepale?"

"Baba, haya mambo ya kitaalamu haya."

Nikawasha.

Feni ikazunguka kinyume. Upepo ukatoka palepale, tena kivivu. Lakini ulitosha! Bomba la kunyonyea ni la zamani, lilikuwa limejaa vumbi la miaka. Lote likatumwagikia. Mama Masima alikuwa amevaa gauni jeusi, maana mchana alikuwa na msiba Hombolo. Alikuwa mweupe mpaka kope.

Akapiga simu karakana, akaweka sauti kubwa.

"Huyo fundi wako alitazama akiwa amesimama upande gani?" sauti ikauliza.

Wote wakanigeukia.

"Upande wa kunyonya," nikajibu. (Upande wa mota kulikuwa na magunia, jamani!)

"Mzunguko unatazamwa ukiwa upande wa mota. Imeandikwa kwenye fomu. Hilo kasha la feni litatengenezwa upya. Wiki sita."

Mama Masima hakunifokea. Angefoka ningepata nafuu. Alijikung'uta, akaenda msibani vilevile. Mzee Mwaluko alikohoa mpaka akakaa juu ya gunia. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nisamehe, baba. Ulinionya."

Akasubiri pumzi imrudie. Kisha akasema, "Wiki sita si nyingi," akafunga kitambaa puani, akarudi kwenye mashine yake. Mimi nimebaki pale na spana mkononi, sijui niiweke wapi.

Naomba asicheke mtu. Na ukiulizwa kulia ni wapi, uliza kwanza umesimama wapi.