Mashine ya Kukamulia Imekuja Bila Sari

Kijiji cha Dhanpura, Gujarat

Ndugu Afisa wa Ruzuku za Maziwa,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Natumaini u mzima na samli haikosekani mezani kwako. Mimi ni Govabhai Chaudhari, mfugaji wa kisasa tangu Jumanne ya juzi, mlipoleta mashine ya kukamulia ambayo Serikali imelipia nusu ya bei. Niliiomba mwenyewe, kwa kuona mbali. Sasa nalalamika.

1. Mashine imekuja bila sari. Kajri, nyati wangu wa kufugwa, hukamuliwa na mke wangu Jamna, mwaka wa kumi na moja huu, na kijiji kizima kinajua nyati akimzoea mwanamke hamwachii mwingine maziwa. Jamna akisafiri, mimi huvaa sari yake nikajifunika uso, Kajri akadanganyika. Mtaalamu wenu hakuuliza hilo. Alipiga mluzi, akakaza nati, akaondoka.

2. Mashine imenifukuzia mke. Siku ile ile majirani walikuja kunywa chai, kichwa kikanivimba, nikasema, "Sasa hata Jamna asipokuwepo, hakiharibiki kitu!" Jamna alikuwa nyuma yangu na birika. Alimimina chai yote bila kumwaga tone, akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake. Msingeleta mashine, ningejigamba kwa kipi?

3. Kajri amegoma. Niliivisha mashine sari ya kijani, akainusa, akageuka. Nikaivaa mimi, akaachia lita mbili, kisha ushungi ukateleza akaona masharubu. Nikamwimbia wimbo wa Jamna. Ndugu Afisa, nilipigwa teke la kifua.

4. Nilikimbilia kituo cha maziwa kabla hakijafungwa, nikasahau kuivua ile sari. Foleni nzima ya akina mama ilipasuka kwa kicheko. "Karibu dada Gova! Leo kwako mmepika nini?" "Jamani mpisheni mbele, mwenzenu mjamzito!" Lakhi, jirani yangu, alicheka hadi akamwaga ndoo yake, na hasara hiyo nayo ni juu ya Serikali.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: sari moja ya mashine, mwalimu wa kuimba, na maafisa watatu wenye muhuri waende kwa shemeji yangu kuomba radhi kwa niaba yangu, maana mimi nikifika pale mlangoni ulimi hunikauka. Bajeti isipotosha, Serikali inirudishie nusu ya mke, kwa utaratibu wenu wa kawaida. Hata ile nusu inayocheka tu inatosha. Nyumba imepoa, nami nimechoka kula mkate wa uwele niliouunguza mwenyewe.

Nisalimie karani wako, mtaalamu wa mluzi, na mama watoto wako, kama hujamnunulia mashine.

Wako mtiifu,
Govabhai Chaudhari

Tanbihi: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, Jamna amerudi. Habari za sari zilimfikia kwa basi la asubuhi, akaja kuona kwa macho yake. Ameniamuru niivae tena, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaosha vile vikombe vya mashine vya kuvisha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akamkuna Kajri shingoni, akabonyeza swichi: lita tisa. Kumbe fomu ya maombi aliijaza yeye, mimi niliweka sahihi bila kusoma. Viganja vinamuuma mwaka wa tatu sasa, hata ngumi hawezi kuikaza, na sikuwahi kumuuliza. Nimeona haya, Ndugu Afisa, nami nimemwambia hivyo bila muhuri wa mtu. Basi futa malalamiko yote. Mashine haina kosa. Ila kama ipo ruzuku ya kuboresha waume, tuma fomu. Ataijaza yeye.