Madebe Mia Moja Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kutoka semina Kasese. Siku mbili! Chai, chapati, mayai ya kuchemsha. Kikundi chetu cha kahawa hapa Bwera kilinituma mimi, Hardy, kwa sababu ya akili. Mwalimu alisema timu iweke lengo moja, halafu matokeo machache ya kupimwa kwa namba. Nilielewa yote kabla ya chai ya saa nne. Baada ya chai nililala.

Ijumaa mnunuzi anakuja kuona kama atachukua kahawa yetu msimu mzima. Jioni yake tunachagua mwenyekiti. Nani mwingine, jamani?

Jumanne, 14 Oktoba

Nimebandika karatasi ukutani mwa stoo. Lengo: kuwa kikundi cha kwanza Bwera yote. Matokeo: madebe mia moja ya kahawa, mikutano minne. Makofi! Mbambu, mwanachama mwenzetu, peke yake hakupiga. Akauliza ni madebe ya kahawa nyekundu au yoyote tu. Wivu! Akaongeza kwamba mkutano ni kazi, si matokeo. Mama huyu hajakanyaga semina, anamfundisha aliyekula mayai ya huko!

Jumatano, 15 Oktoba

Mikutano yote minne imekwisha leo! Wa tatu ulijadili wa pili. Hakuna aliyepata nafasi ya kuvuna. Madebe: tisa, ya jana. Mikutano: asilimia mia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimetoa amri kama afande. Kila mutu madebe matano! Nyekundu, kijani, iliyokauka, yote ni kahawa. Tumekamua matawi kama chuchu za ng'ombe. Laurentine, jirani yetu aliyehamia kutoka Butembo, akapita akiniuliza: "Weye Hardy, iko unavuna kahawa ao unanyoa miti?" Nikamwambia aanze kuzoea kuniita mwenyekiti. Akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

Mbambu anachuma nyekundu moja moja, utadhani anachambua mchele. Madebe mawili kutwa nzima! Aibu.

Jumla yetu: mia na nne. Mimi ni mutu hatari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mnunuzi hakuhesabu hata debe moja! Karatasi yangu hakuitazama. Aliomba ndoo ya maji, akamwaga kahawa ndani. Mbovu huelea. Yetu iliogelea kama bata. Ya Mbambu ilizama yote, lakini mnunuzi akasema hawezi kufunga safari kila wiki kwa madebe mawili. Akapanda gari, akaenda kwa kikundi cha Nyakiyumbu. Msimu mzima, basi!

Kura: Mbambu kumi na tisa, mimi moja. Hata mama yangu mzazi, Kahambu! Nilipomuuliza, akasema alinizaa, hakuniajiri.

Nimekaa, nimepima. Madebe yalipita mia. Mikutano ilitimia. Kwa hesabu yoyote ya semina nimeshinda. Tulikosea mahali pamoja tu: namba ilikuwa ndogo.

Msimu ujao madebe mia mbili. Ndoo za maji: sifuri.