Malaika Wasio na Kibali

Wananchi wote wa mkoa wa Gascogne wanatangaziwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kwa malaika kunywa armagnac, brandi ya mkoa huu, bila kibali.

Tangazo hilo lilisomwa sokoni, mbele ya wauza bata, na Bwana Théophile Labadie, Mkurugenzi wa Udhibiti wa Mvuke. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la Noélie Sarrade, akiwa na karani wake Sidonie.

Noélie alikuwa akifuta vumbi pipa moja la mwaloni. Marehemu mumewe alilijaza armagnac mwaka aliozaliwa binti yao Clarisse, lifunguliwe siku ya harusi yake, kama ilivyo ada. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

Labadie akatumbukiza kijiti cha kupimia. "Theluthi nzima haipo. Nani kainywa?"

"Malaika, Mheshimiwa. Inageuka mvuke na kupenya kwenye mbao kidogo kidogo, wanachukua chao."

"Wana vitambulisho?"

"Sijawahi kuwauliza."

Uchunguzi ulihitaji sampuli ya serikali. Noélie akammiminia, akamwambia aikumbatie glasi kiganjani ipate joto, asiwe na pupa. Ikanukia plamu kavu, ganda la chungwa, sukari iliyoungua kidogo. Mdomoni ilikuwa laini, halafu moto wake ukashuka taratibu na kukaa kifuani kama mgeni asiyetaka kuaga. Labadie alitamka kwamba matokeo hayajitoshelezi, akachukua sampuli ya pili.

"Pipa linatiwa lakiri mpaka mnywaji apatikane," akasema, akipangusa masharubu.

"Na harusi ya mwanangu?"

"Harusi haiko chini ya idara yangu, mama."

Noélie alishikwa na uchungu. Kazi ya mkono wa mumewe ilikuwa imebaki kwenye pipa lile tu. Akauliza kwa adabu, "Huyo mnywaji atajulikanaje?"

"Kisayansi. Mvuke wa brandi hulisha ukungu mweusi. Ukuta wowote mweusi umekunywa, na jengo lake linafungwa. Ghala lenyewe halihesabiwi, kwa kuwa linatoa, halipokei."

"Basi twende tukamtafute," akasema Noélie.

Wakafuata upepo. Mti mmoja mweusi wa mwaloni ulisamehewa kwa kukosa anwani. Zizi la jirani Barthélemy lilikuwa na weusi wa mashaka.

"Ng'ombe wangu wamelewa lini?" Barthélemy akauliza.

"Wanachunguzwa," akajibu Labadie.

Mwisho wa uchochoro wakakuta ukuta mweusi tititi, kuanzia msingi hadi paa. Labadie akafurahi. "Mlevi sugu huyu. Sidonie, tia lakiri."

Sidonie akazunguka mbele, akatia lakiri mlangoni, chini ya kibao cha Idara ya Udhibiti wa Mvuke. Mkurugenzi hakuwahi kuuona mgongo wa ofisi yake. Yeye huingilia mbele.

"Mnywaji amepatikana," Sidonie akatangaza bila kutabasamu. "Pipa la mama huyu lifunguliwe."

Jumamosi, kahawa ilipokwisha kunywewa, armagnac ilimiminwa kwenye vikombe vilevile, bado vuguvugu. Clarisse alionja, akalia, akasema ni kana kwamba amemsikia baba yake. Labadie, asiye na ofisi, akasogea na kikombe chake.

"Aliyekunywa bila kibali haongezwi," Sidonie akamkumbusha. "Kwa amri yako, Mheshimiwa."

Noélie akamwonea huruma, akampa kikombe chake mwenyewe, kitupu lakini bado kinanukia.

"Nusa tu, baba," akamwambia. "Ukuta wako nao ulianza kwa kunusa hivyo hivyo."