Nne Nukta Nane

Jumatatu, 3 Machi
Tathmini za wanafunzi zimetoka kwenye tovuti ya chuo. Kozi yangu, Utangulizi wa Teknolojia ya Wavuti, imepata mbili nukta moja kati ya tano. Mbili! Watoto hawana shukrani hawa. Mmoja ameandika kwamba nasoma slaidi kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Sauti nzito ni kipaji, hajui tu.

Mkuu wa idara anapita ofisi kwa ofisi Jumatano kuangalia alama. Aliye chini ya tatu ananyang'anywa kozi. Najua yangu itaenda kwa nani: Jirani, mwalimu wa ofisi ya pili, yule anayetembea na tabasamu kutwa. Kozi hii niliianzisha mimi. Haichukui mtu nikiwa hai.

Jumanne, 4 Machi
Darasa limechangamka leo, jambo la nadra. Niliwaonyesha kwamba ukurasa wa wavuti ukishafika kwenye kompyuta yako, unaweza kufungua msimbo wake na kubadilisha neno lolote. Unabadilika kwako tu. Nakala ya kweli imetulia kwenye seva, kompyuta kuu ya chuo. Nikajiandika Makamu Mkuu wa Chuo mbele ya darasa zima. Makofi! Hata wale wa nyuma waliamka.

Njiani kurudi ofisini, akili ikafunguka. Tathmini nayo si ukurasa tu? Nimejaribu. Mbili nukta moja sasa ni nne nukta nane. Sikuweka tano. Mimi si mtu wa tamaa.

Mke wangu kauliza kwa nini nisifundishe vizuri tu. Nimemwambia mambo ya ofisini hayajui.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu alikuja. Nikamgeuzia kompyuta. Akasoma, akainua nyusi, akanipa hongera. Jirani alikuwa mlangoni, tabasamu limemkauka. Raha niliyoipata haielezeki.

Kisha Mkuu akasema miwani inamsumbua, anataka maandishi yawe makubwa. Akabonyezabonyeza. Ukurasa ukajipakia upya kutoka kwenye seva. Mbili nukta moja. Nikasema ni mtandao. Jirani, bila kuombwa na mtu, akaeleza kwa upole kwamba mtandao hauna tabia hiyo. Mnafiki mkubwa.

Mkuu kasema uamuzi ni Ijumaa. Hakunipa mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Mambo yameharibika. Asubuhi wanafunzi wangu walijazana kwa Mkuu, kila mmoja na kompyuta yake, wakidai wamepata mia kwa mia kwenye jaribio na tovuti ya chuo inathibitisha. Mkuu alizipakia upya kurasa zao moja baada ya nyingine. Alipouliza nani kawafundisha ujanja huo, wakanitaja kwa sauti moja, kwa heshima zote. Wakaongeza kwamba mwalimu alieleza vizuri sana.

Somo pekee walilolielewa wote, na tathmini zilishafungwa kabla yake.

Kozi kapewa Jirani. Mimi nitakuwa msaidizi wake wa maabara, kazi yangu kuunganisha nyaya za projekta. Nimeumia, sifichi. Kozi ile niliianza na kompyuta mbili mbovu, ya tatu haikuwaka. Leo nilikaa kwenye ngazi za idara mpaka mfagizi akaniomba nisogee. Sikulia. Macho yaliwasha tu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari Jumamosi na Jumapili. Kosa langu nimeliona: niliiweka kompyuta karibu na mkono wa Mkuu. Hakuna lingine.

Jirani kafundisha darasa lake la kwanza. Wanafunzi walicheka mahali pa kucheka, wakauliza maswali, wakachelewa kutoka. Nilikunja nyaya zangu.

Mchana nimefungua ukurasa wa tathmini wa kozi nyingine anayoifundisha Jirani. Nimempa moja nukta tatu. Nimemwandikia na maoni ya wanafunzi, machungu kweli kweli. Mmoja analalamika kwamba anatabasamu kupita kiasi. Natoka sasa hivi kwenda kwa Mkuu. Kompyuta nitaishika mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni.