Ngome Iliyo Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Juni

Baba Kipusa anarudi nyumbani! Yeye mwenyewe bado hajui. Nimejua mimi, leo saa nne asubuhi, mbele ya ubao wa matangazo, nilipokwenda kugongesha muhuri kadi ya kliniki ya mtoto.

Jimbo linachapisha kitabu cha wageni: Mahali Kumi pa Kutembea na Familia Milimani. Pamepatikana panane. Maporomoko yamo, pango la popo limo, daraja la kamba limo. Bado pawili. Wanataka penye historia au pa kufurahisha watoto. Patakapochaguliwa patapewa kibao, benchi na mlinzi wa kudumu, na mlinzi atatoka nyumba iliyo jirani.

Huo mstari wa mwisho nimeusoma mara nne, kidole juu ya karatasi. Mlinzi wa kudumu! Nyumba iliyo jirani!

Mume wangu anapasua mawe kwenye machimbo ya upande wa pili wa milima. Anakuja kila baada ya miezi mitatu, siku mbili, anaondoka. Kipusa ana miaka miwili na nusu na anaamini baba yake anaishi ndani ya simu. Kila jioni anaibusu. Safari iliyopita baba alipoingia mlangoni na mwili wake mzima, mtoto alipiga yowe, akaikimbilia simu na kuiambia: "Baba, kuna mtu!"

Baba mtu alicheka. Halafu akatoka, akakaa kwenye kuni muda mrefu bila kupasua hata moja.

Kwa hiyo nahitaji historia. Mkaguzi wa jimbo anapita Jumamosi. Nimehesabu tulivyo navyo: vyumba viwili, jiko la nje, kuku sita, mama mkwe, na bafu la mawe nyuma ya jiko.

Nimelitazama bafu sana.

Jumanne, 4 Juni

Msiba. Jirani naye amesoma tangazo. Huyu ni Mama Sungura, ana sungura ishirini na wawili na kila mmoja anamwita kwa cheo: Meneja, Daktari, Hakimu. Amekuja kuomba chumvi akiwa na macho ya kuomba kila kitu isipokuwa chumvi. Amesema yeye anafungua Bustani ya Sungura, watoto watalisha na kushika masikio. Akauliza sisi tutaonyesha nini. Akamwangalia mama mkwe, akauliza kama ni yeye.

Mama mkwe akamjibu kwamba yeye haonyeshwi bure.

Nikamfunga Kipusa mgongoni, tukaenda maporomoko kujifunza jinsi mahali pa wageni panavyokuwa. Mwendo wa saa moja na nusu, kupanda tupu. Nimeandika yote niliyoyaona: kibao. Benchi. Pipa la taka. Maji. Mlinzi, amelala, kofia usoni.

Amelala na ameajiriwa! Baba Kipusa analala vizuri kuliko yule. Hakoromi hata kidogo. Nimerudi nimejaa matumaini mpaka kooni.

Jumatano, 5 Juni

Kuanzia leo bafu ni ngome. Ngome Ndogo ya Walinzi wa Milima.

Ukweli ni kwamba alilijenga mume wangu mwezi tuliooana, bila timazi, kwa mapenzi tu. Limelalia upande. Lina matundu matatu ukutani aliyoyaacha ili mvuke utoke. Mtu asiyejua ataona matundu ya mishale. Kilichopungua ni uzee. Nimepaka masizi ya sufuria kwenye pembe. Nimebandua vile vinyasi laini vya kijani vinavyoota kwenye mawe ya mtoni, nikavibandika ukutani kwa uji mzito.

Mama mkwe alisimama na ndoo yake, taulo begani. Akaniuliza, kwa upole, tangu lini bafu likawa ngome. Nikamwambia tangu saa tatu. Akauliza yeye sasa ataogea wapi. Nikamwambia aoge tu, ila akitoka asitoke kama mtu anayetoka bafuni.

Nimekwenda kuanua nguo. Niliporudi kuku wote sita walikuwa wamejipanga ukutani wanakula ngome. Uji wote! Wamebakisha masizi. Nyuma ya ua nilimsikia Mama Sungura akimwambia Hakimu aje aone.

Nimebandika upya, mara hii kwa udongo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia mume wangu. Nimemwambia aombe ruhusa, awe hapa Jumapili, aje na shati jeupe kwa sababu ataajiriwa. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni kitu kama ule mpango wangu wa uyoga. Nikasema uyoga ulikuwa bahati mbaya na wote waliokula wamepona. Kipusa akaninyang'anya simu, akaibusu, ikakatika.

Leo nimeshughulika na benchi. Mbao hatuna. Lakini mbele ya bafu, samahani, ngome, kuna jiwe refu, pana, limelala lenyewe, kimo cha kiti. Zuri kabisa. Kasoro yake ni vishimo: safu mbili, nane huku na nane huku, duara, kama vya mtu aliyekosa kazi. Vinatuamisha maji, mbu wanazaliana. Mgeni wa jimbo hawezi kukalia vishimo.

Mama mkwe akasema jiwe hilo alilikuta siku alipoletwa hapa bibi harusi. Akasema hata mama mkwe wake mwenyewe alilikuta. Nikamwambia ndiyo maana limechakaa.

Palikuwa na saruji iliyobaki ya sakafu. Nimeziba vishimo vyote kumi na sita, nikasawazisha kwa ubao, nikapiga maji. Limekuwa kama meza ya benki! Nimejisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Ijumaa, 7 Juni

Kibao kimekamilika. Nimeandika kwa makaa kwenye kifuniko cha boksi: NGOME HII NI YA ZAMANI SANA. MIAKA 283. USIKOJOE. Nilitaka kuandika mia tatu, lakini namba iliyokaa vizuri sana watu huitilia shaka.

Nimemfanyia Kipusa mazoezi ya kutembeza wageni. Yeye ndiye mgeni. Nikamwambia hapa walinzi walisimama kumtazama adui. Akauliza adui anaoga? Nikamwambia, mwanangu, adui haogi. Akasema bibi anaoga. Nimemwomba kesho asiseme lolote.

Mama Sungura amesoma kibao changu kupitia ua, polepole, kwa sauti, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Akasema kumbe tumekuwa majirani miaka yote hii na sikumwambia naishi kwenye ngome. Akacheka mpaka akashika mti.

Kesho nani atacheka.

Jumamosi, 8 Juni

Siwezi kuandika.

Naandika.

Mkaguzi amefika saa tano. Mwanamke mtu mzima, miwani, viatu vya kupandia, daftari limefungwa kwa mpira. Nimempa shikamoo mbili. Alikuwa ametoka kwa Mama Sungura na alikuwa na manyoya kwenye sketi. Nikaanza: karibu mama, hii ni Ngome Ndogo ya Walinzi wa Milima, kupitia matundu haya walinzi—

Kutoka ndani ya ngome mama mkwe akaniita nimletee sabuni.

Nikasema ni mlinzi. Ndivyo nilivyosema! Ulimi wangu wenyewe. Mkaguzi akasema, bila kucheka, kwamba basi amalize tu, yeye atasubiri. Akakaa kwenye benchi. Mungu wangu, alilipapasa kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Akainuka. Akapiga magoti. Akapitisha kidole pembeni ambako saruji yangu haikufika vizuri, akaniuliza hapa palikuwa na nini.

Nikaona ni nafasi yangu. Nikamweleza kwa fahari kwamba palikuwa na vishimo vibaya, safu mbili, nane kwa nane, mimi mwenyewe nimeviziba juzi kwa ajili yake asichafuke.

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena.

Amesema miaka kumi na moja anayatafuta mawe ya namna hii. Amesema wasafiri wa kale waliovuka milima hii kwa miguu walichonga bao za kuchezea kwenye mawe walipopumzika, na kwamba jimbo zima yamejulikana mawili tu, yote yamevunjika. Hili lilikuwa la tatu. Zima. Tangu siku hizo mpaka juzi, amesema, lilikuwa zima.

Nikamwambia naleta patasi sasa hivi. Akapiga kelele nisiliguse! Dereva akatoka kwenye gari akidhani kuna nyoka.

Nikamuuliza, mama, hata hivyo si litaingia kitabuni? Akasema lazima waje wataalamu waone kama saruji inaweza kutoka bila kulipasua. Mwaka, labda miwili. Kitabu kinakwenda mtamboni mwezi huu. Kama lingekuwa wazi, amesema, angeandika jina letu leo hii, la kwanza kabisa, na angemtaka mlinzi Jumatatu.

Mlinzi Jumatatu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza jina la mtoto, akampapasa kichwa, na akaenda zake. Mama mkwe akatoka, nadhifu, ananukia sabuni, akauliza mgeni yuko wapi.

Mahali pa tisa ni Bustani ya Sungura. Nimesikia vigelegele kutoka upande wa pili wa ua. Vya mtu mmoja, lakini vilitosha.

Jumapili, 9 Juni

Nilimpigia mume wangu mara tisa asirudi. Alikuwa ameshapanda lori la kokoto, huko njiani hakuna mtandao.

Amefika saa nne. Shati jeupe. Nililiona kutoka mbali likipanda kilima, nikatamani lisifike. Na begani alikuwa amebeba blanketi lake la kule machimboni, limekunjwa, limefungwa kamba.

Hakuja kujaribu. Alikuja kukaa. Aliniamini, mimi wa uyoga.

Nimemwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hajanywa hata maji. Alikwenda akaliangalia jiwe. Akasema saruji nimeichanganya vizuri. Akasema yeye angekosea kipimo cha mchanga. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu ya mchanga.

Kipusa alikuwa amejificha nyuma ya mama mkwe, jicho moja tu nje. Baba yake akamwita. Jicho likaingia ndani. Basi akazunguka nyuma ya jiko, akatoa simu yake, akapiga ya kwangu. Kipusa akaidaka! Hujambo baba, umekula nini, uko wapi. Akamwambia niko nyuma ya jiko, njoo. Mtoto akaenda, simu sikioni, akiongea njia nzima, mimi nyuma yake nimeziba mdomo. Alipokunja kona sauti ikatoka mahali pawili. Akaitazama simu. Akamtazama yule mtu. Akaitazama simu. Baba yake akachuchumaa, akatanua mikono.

Kipusa akampa simu, azungumze na baba.

Mama mkwe akasema watu lazima wale, wajameni, akaingia jikoni haraka na hakuna kilichokuwa motoni.

Jumatatu, 10 Juni

Ameondoka na lori la alfajiri. Mpaka Septemba. Blanketi amerudi nalo. Amesema kule kuna baridi.

Sitapanga tena kitu chochote maishani mwangu. Nimemwambia mama mkwe hivyo. Akasema amefurahi kusikia. Nimefagia, nimeosha vyombo, nimefua, nimeondoa kibao. Sina matumaini hata ya kujaza kijiko. Mama Sungura amepita na benchi la jimbo kichwani, akasalimia kwa adabu, jambo ambalo limeniuma kuliko kicheko.

Saa kumi dereva wa mkaguzi ameleta barua. Jiwe lisiguswe, lisikaliwe, lisioshwe. Sawa. Chini kabisa mkaguzi ameongeza kwa mkono wake. Anasema hajamsahau mtoto wangu. Anasema mahali pa kumi patakuwa stesheni ya zamani ya treni, kule bondeni, na anatafutwa mzee aliyeishi hapo enzi za treni, awe anawasimulia watoto wa wageni. Mlinzi atachukuliwa kutoka nyumba ya mzee huyo. Kama namfahamu yeyote, niseme kabla ya Jumatatu ijayo.

Nimeisoma mara nne.

Mama mkwe anasema alizaliwa upande wa pili kabisa wa milima, hajawahi kukanyaga stesheni yoyote, na treni hajaiona hata kwenye kalenda.

Tuna siku saba. Kesho asubuhi naanza kumkumbusha.